Waliokosa Gemu na Walioibiwa Taarifa: wateja wa PlayStation Network baada ya udukuzi wa 2011

Hapa Kampala, kila nikizungumza na vijana wanaoanzisha huduma za mtandaoni, iwe ni gemu, kubeti au mikopo ya simu, swali la udukuzi huja pamoja na jibu lake. Sony ilidukuliwa mwaka 2011, husema, wateja wakapiga kelele, wakapewa gemu za bure, wakarudi. Kwa hiyo hata sisi yakitukuta tutaomba radhi, tutatoa bonasi kidogo, na kazi itaendelea. Naona kisa hicho kinasomwa vibaya. Na kwa kuwa ndicho kinachotajwa kuliko vingine vyote, nimeona nikipitie tangu siku ya kwanza, nikiwaangalia wateja zaidi kuliko wadukuzi.

PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kuchezea na kununulia gemu, ilianza Novemba 2006 pamoja na mashine ya gemu ya PlayStation 3. Kucheza na wenzako mtandaoni kulikuwa bure, tofauti na Xbox Live ya Microsoft iliyokuwa na ada, na waliochagua Sony walijivunia hilo. Kufikia Aprili 2011 kulikuwa na akaunti zipatazo milioni 77 duniani. Mwanzoni mwa mwaka huo kampuni ilikuwa tayari imekosana na sehemu ya watu wake: Januari ilimshtaki George Hotz, kijana wa Kimarekani aliyevunja ulinzi wa PlayStation 3 na kuweka mbinu zake hadharani, na mapema Aprili kundi la wadukuzi la Anonymous likazishambulia tovuti za Sony kumtetea. Kesi ya Hotz ilikwisha kwa maafikiano, lakini hewa ilikuwa imechafuka.

Wadukuzi waliingia kati ya tarehe 17 na 19 Aprili. Tarehe 19 mafundi waliona seva zinajizima na kujiwasha bila kupangiwa, wakaziondoa nne mtandaoni. Siku ya pili yake wakakuta nyingine sita zina dalili zilezile, na mchana wakaona ushahidi kwamba kuna data imetolewa nje, ingawa hawakuwa wamejua ni data gani. Wakazima seva zote 130. Hayo ndiyo Sony iliyolieleza Bunge la Marekani mwezi wa Mei. Mteja wa kawaida siku hiyo hakuambiwa lolote kati ya hayo.

Siku sita za mteja

Nataka tukae hapa kidogo, maana kisa chote kimo katika siku hizi.

Tarehe 20 Aprili ilikuwa Jumatano. Siku moja kabla, Portal 2 na Mortal Kombat mpya zilikuwa zimeingia madukani, na wikiendi iliyokuwa inakaribia ilikuwa ya Pasaka. Watu walikuwa wameshanunua gemu, wamepatana na marafiki saa za kukutana, watoto wako likizo. Wakawasha mashine, hakuna mtandao. Tangazo la kwanza la Sony lilisema tu kwamba baadhi ya huduma hazipatikani. Alhamisi likaja la pili: huenda ikachukua siku nzima au mbili. Ijumaa Kuu kampuni ikakiri kwamba kumekuwa na uvamizi kutoka nje na kwamba yenyewe ndiyo iliyozima mtandao ili ichunguze. Jumamosi ikasema inaujenga mfumo upya uwe imara zaidi. Pasaka ikapita hivyo.

Jumanne tarehe 26 ndipo mteja alipoambiwa kilichochukuliwa: jina lake, anwani, nchi, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, jina la kuingilia na nenosiri. Huenda pia historia ya manunuzi na majibu ya maswali ya usalama, yale ya jina la shule ya kwanza au la mama kabla ya kuolewa. Mzazi aliyemfungulia mtoto akaunti ndogo chini ya yake aliambiwa kuwa taarifa za mtoto nazo huenda zimekwenda. Kuhusu kadi za benki, Sony ilisema haina ushahidi kwamba zimechukuliwa ila haiwezi kuuondoa uwezekano huo. Watu wapatao milioni 12.3 walikuwa wameacha namba za kadi humo, milioni 5.6 kati yao wakiwa Marekani. Namba ya siri ya nyuma ya kadi haikuwemo.

Kampuni ilijitetea kwamba kujua umevamiwa na kujua nini kimeibwa ni mambo mawili, na kwamba wataalamu walihitaji siku hizo kupata jibu. Nakubali kwamba ni mambo mawili. Lakini mtu aliyetumia nenosiri moja kwenye gemu na kwenye barua pepe yake, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, hakuhitaji ripoti ya wataalamu. Alihitaji sentensi moja jioni ya tarehe 20: kuna mtu ameingia, badilisha nenosiri lako kila mahali ulipolitumia. Angeibadilisha usiku uleule. Badala yake alikaa siku sita bila kujua kwamba taarifa zake zimetoka nje, na kwa siku hizo sita mwizi alikuwa anajua jambo ambalo mwenye mali halijui.

Hasira za aina mbili

Kuanzia hapo wateja wakagawanyika, na ni mgawanyiko huu ambao wasimuliaji wengi wa kisa hiki huupita mbio.

Kundi la kwanza, lenye sauti kubwa kuliko yote, lilitaka kucheza. Hawa walihesabu siku. Walilalamika kwamba gemu waliyolipia imelala kabatini, na baadhi walikuwa na hoja nzito kuliko hiyo. Gemu kama Bionic Commando Rearmed 2 na Final Fight: Double Impact za Capcom zilikuwa zimetengenezwa ili zithibitishe akaunti yako mtandaoni kabla hazijafunguka, hata ukitaka kucheza peke yako chumbani. Mtandao ulipozimwa, zikafa nazo. Mtu alikuwa amenunua kitu, kimo ndani ya mashine yake, na hawezi kukitumia kwa sababu ya seva iliyo bara jingine. Naye Capcom na watengenezaji wengine wakawa wanapoteza mauzo kwa kosa lisilo lao.

Kundi la pili liliogopa. Ndani yake kulikuwa na wazazi ambao hawajawahi kushika pedi lakini kadi yao ndiyo iliyolipia, watu waliofungiwa akaunti zao za benki siku za nyuma na wanaojua adha yake, na wachezaji wenyewe waliogundua kwamba tarehe yao ya kuzaliwa, tofauti na nenosiri, haibadilishiki. Hawa hawakuuliza mtandao utarudi lini. Waliuliza kwa nini hawakuambiwa. Tarehe 26 hiyohiyo Seneta Richard Blumenthal wa Marekani aliiandikia Sony akiuliza swali lilelile, na kesho yake kesi ya kwanza ya pamoja ilifunguliwa California, malalamiko yakiwa ulinzi hafifu na kuchelewa kutoa habari.

Watu wengi walikuwa katika makundi yote mawili kwa wakati mmoja, bila shaka. Ila ukisikiliza kelele tu, utasikia la kwanza, kwa sababu mwenye kutaka kucheza anakumbuka shida yake kila jioni akirudi nyumbani, wakati aliyeibiwa taarifa hana la kuonyesha. Hakuna kilichopungua mfukoni. Bado ana jina lake na anwani yake. Hofu yake ni ya jambo litakaloweza kutokea baada ya miezi kumi, na hata likitokea hataweza kuthibitisha lilianzia wapi.

Sony ilisikiliza kelele.

Tarehe 1 Mei, Tokyo, Kazuo Hirai, aliyeongoza kitengo cha gemu cha Sony, na wakuu wenzake wawili walisimama mbele ya waandishi wa habari wakainama kuomba radhi kwa desturi ya Kijapani, wakatangaza fidia. Kesho yake tu ikabidi kampuni itoe habari nyingine mbaya: Sony Online Entertainment, tawi la gemu za kompyuta kama EverQuest, nalo limeguswa, akaunti milioni 24.6. Humo kulikuwa na hifadhi ya zamani ya mwaka 2007 iliyobeba namba za kadi zipatazo 12,700 za watu wa nje ya Marekani, na kumbukumbu za benki zipatazo 10,700 za wateja wa Austria, Ujerumani, Uholanzi na Uhispania. Kwangu hii ndiyo habari iliyopaswa kuwatia watu uchungu kuliko zote. Data ya miaka minne nyuma, ambayo kampuni yenyewe iliiita ya zamani, ilikuwa bado inakaa pale bila kazi ya maana, ikimsubiri mwizi. Kile usichokihifadhi hakiibiwi, na kukifuta hakuhitaji fundi bingwa.

Mtandao ulianza kurudi tarehe 14 Mei Marekani na tarehe 15 Ulaya. Kila mtu alilazimika kubadilisha nenosiri. Siku chache baadaye ikagundulika kwamba ukurasa wa tovuti wa kubadilishia nenosiri una mwanya: mtu akijua barua pepe yako na tarehe yako ya kuzaliwa angeweza kukubadilishia nenosiri lako. Barua pepe na tarehe ya kuzaliwa, vitu vilevile vilivyokuwa vimeibwa mwezi uliotangulia. Sony iliufunga ukurasa ikaurekebisha. Japani kwenyewe, nyumbani kwa kampuni, huduma zote hazikurudi hadi tarehe 6 Julai.

Turudi Mei, wiki ile mtandao ulipoanza kurudi: mkuu wa Sony, Howard Stringer, ambaye mwanzoni mwa mwezi alikuwa ameandika barua ya kuomba radhi, aliwaambia waandishi kwamba kampuni nyingi zikidukuliwa hazisemi kabisa, kwamba wao walisema ndani ya wiki moja, na akahoji kama wiki hiyo haikuwa haraka ya kutosha. Kibiashara alikuwa na hoja. Lakini yeye alikuwa anajilinganisha na kampuni nyingine, ilhali mteja alikuwa anamlinganisha na mwizi, na mwizi alikuwa amemtangulia.

Fidia ilimlipa nani?

Mpango wa kuwakaribisha wateja ulikuwa huu: gemu mbili za bure za PlayStation 3 kati ya orodha ya tano, mbili za PSP kwa wenye mashine hiyo ndogo ya mkononi, na siku 30 za PlayStation Plus, uanachama wa kulipia, au 60 kwa waliokuwa wanachama tayari. Katika orodha ya Marekani mlikuwa na LittleBigPlanet, inFAMOUS na Wipeout HD, gemu nzuri, lakini za miaka ya nyuma. Mteja wa siku nyingi, yule aliyeipenda Sony kuliko wote, alikuwa ameshazinunua. Wamarekani walipewa pia mwaka mmoja wa huduma ya kulinda utambulisho, yenye bima ya hadi dola milioni moja.

Tazama jinsi fidia hiyo ilivyoegemea upande mmoja. Aliyekosa kucheza siku 23 alipewa vya kuchezea, na hesabu yake ikakaribia kulingana. Mzazi aliyeogopa kuhusu kadi yake na tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe alipewa gemu mbili asizozijua. Alichokihitaji ni mtu wa kumwambia wazi ni nini hasa kilichotoka katika akaunti yake yeye, nini kimefutwa tangu hapo, na nani atapokea simu yake endapo baada ya mwaka mtu atajitokeza na jina lake.

Juni, katika maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Jack Tretton wa Sony Marekani aliomba radhi jukwaani na kusema matumizi ya mtandao yamesharudi asilimia 90 ya yale ya awali. Septemba Stringer akatangaza wateja wapya milioni tatu tangu mtandao urudi. Hapa ndipo vijana wangu wa Kampala wanapochukulia somo lao: unaona, walirudi.

Walirudi, ndiyo. Wangekwenda wapi? Gemu walizonunua kidijitali zimefungwa kwenye akaunti ileile. Marafiki wa miaka minne wamo humo. Kuhamia Xbox kulimaanisha mashine mpya, gemu mpya, na ada ya mwezi. Hesabu ya walioingia haikuonyesha ni wangapi waliofuta kadi zao na kuanza kununua vocha, wala ni wangapi waliobadilisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu wakaweka za uongo. Mteja anayerudi huku ameficha kadi na jina lake amekwisha kutoa hukumu, ila ameitoa mahali ambapo mkurugenzi haangalii.

Na kampuni yenyewe ilijua kwamba si wote waliosamehe. Septemba 2011 ilibadilisha masharti ya huduma ili mteja asiweze kujiunga na kesi ya pamoja dhidi yake, isipokuwa ameandika barua ya kukataa ndani ya siku 30. Kesi zilizokuwa zimeshafunguliwa ziliendelea hadi maafikiano ya dola milioni 15 mwaka 2014, sehemu kubwa ikiwa tena gemu na huduma. Uingereza, ofisi inayolinda taarifa za watu iliitoza Sony faini ya pauni 250,000 Januari 2013, ikisema shambulio lingezuilika kama programu zingekuwa zimesasishwa. Sony ilikata rufaa, kisha ikaiacha miezi michache baadaye. Kwa hesabu ya kampuni, gharama ya tukio zima ilikadiriwa yeni bilioni 14, kama dola milioni 171 za wakati ule.

Mganda katika orodha ya milioni 77

Uganda haimo katika nchi ambazo PlayStation Network inazitambua. Haikuwemo mwaka 2011 na mchezaji wa leo bado hukutana na kikwazo hichohicho: ukifika kwenye orodha ya nchi, hupati yako. Kwa hiyo mtu wa Kampala au Arua anayetaka akaunti hujiandikisha kuwa anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, huweka anwani yoyote ya mji wa huko, na hununua vocha kwa wauzaji wa mitandaoni.

Kuna kibanda cha gemu Bombo, mji wa Wanubi kaskazini ya Kampala, ambapo Kiswahili utakisikia kabla hujashuka kwenye teksi. Kijana anayekiendesha ana daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila ukurasa ni akaunti moja: barua pepe, nenosiri, nchi, tarehe ya kuzaliwa aliyoitunga, na kwa kalamu nyekundu jina la mteja aliyeinunua gemu iliyomo. Nilimuuliza angefanya nini leo akisikia akaunti hizo zimedukuliwa.

"Nimlalamikie nani, kaka? Kwao mimi ni mtu wa Texas."

"Lakini vocha si ulinunua kwa pesa yako?"

"Pesa yangu, na ya hawa watoto. Lakini nikiandika kwamba mimi ni wa Bombo, wataifunga akaunti yenyewe."

Ndivyo alivyo. Anwani ni ya uongo, ila barua pepe ni ya kweli, na nenosiri ni lile analotumia kila mahali. Akiibiwa, hasara ni yake. Akidai, kosa ni lake. Ile huduma ya bima ya utambulisho ya 2011 ilitengenezwa kwa Wamarekani wa kweli. Faini ya Uingereza ilihusu haki za watu wa Uingereza. Mganda aliyekuwa amejiandika mkazi wa London hakuhesabiwa na yeyote, na kelele yake haikusikika kwa sababu hakuwa na pa kusimama akiipiga.

Sasa geuza kisa ukilete nyumbani, kwenye huduma zetu wenyewe. Gemu ya mtandaoni yenye pesa nyingi Uganda ni kubeti. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25, kwa hiyo kampuni inayofuata sheria lazima iwe na umri wako, utambulisho wako na namba yako ya simu, ambayo ndiyo pochi yako pia. Taarifa hizo zikivuja, zinasema mengi kuliko kadi ya benki. Zinasema umeweka kiasi gani, usiku wa saa ngapi, mara ngapi kwa wiki.

Fikiria basi nani atakayelalamika. Kijana wa miaka 21 aliyejiandikisha kwa kitambulisho cha kaka yake hatalalamika. Baba ambaye nyumbani hawajui kwamba anabeti, na msikitini anaswali safu ya mbele, hatalalamika. Atalipa kimyakimya mtu atakayempigia akimtishia kutoa siri. Kaka mwenye kitambulisho hata hajui kwamba ana akaunti. Kwa Sony walioibiwa walikuwa na aibu ndogo tu ya kurudia nenosiri moja, na bado sauti yao ilimezwa. Kwetu wengi wa walioumizwa zaidi watakaa kimya kabisa, na mkurugenzi ataliangalia dawati la malalamiko, aone simu chache za watu wanaodai bonasi yao, aseme wateja wamelipokea vizuri.

Sheria haimsaidii sana mteja huyo kujua mapema. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kanuni zake za 2021, na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Kampuni ikiamini kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa, inatakiwa kuiarifu Ofisi mara moja. Hapo sawa. Kisha Ofisi ndiyo inayoamua kama mwenye data aambiwe. Adhabu kwa kampuni inaweza kufika asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka, na hiyo si pesa ndogo. Lakini kati ya kuripoti na uamuzi kuna muda, na tumeshaona siku sita zinavyoonekana kwa mteja. Ushauri wangu kwa kila anayeendesha huduma hapa ni kwamba katika barua ileile ya kuiarifu Ofisi, aombe idhini ya kuwaambia wateja siku hiyohiyo, na aambatanishe ujumbe wenyewe ukiwa tayari.

Oktoba 2020 tulipata kipimo kidogo. Kampuni ya kati inayounganisha benki na pesa za simu ilivamiwa, na miamala kati ya benki na laini ikasimamishwa. MTN, Airtel na Stanbic walitoa tangazo la pamoja wakisema akiba za wateja hazijaguswa. Hilo lilikuwa la lazima, na waliolisikia walipumua. Nilichokiona mimi mitaani siku zile ni watu kuuliza jambo moja tu, pesa yangu ipo? Wakiambiwa ipo, basi. Hakuna aliyeuliza kuhusu jina lake. Hatujazoea kuuliza, na kwa hiyo anayetuhudumia anapaswa kutujibu kabla hatujauliza.

Ujumbe wa siku ya kwanza

Ningekuwa na kampuni ya gemu Kampala, ningeuandika ujumbe huu leo, wakati hakuna aliyeingia, niuweke. Usiku wa tukio hakuna mtu mwenye kichwa cha kuandika vizuri.

"Ndugu mteja, jana usiku mtu asiyeruhusiwa aliingia kwenye mfumo wetu. Amechukua majina, namba za simu na tarehe za kuzaliwa. Kuhusu manenosiri bado tunachunguza. Chukulia kwamba ameyapata. Pesa yako ipo. Kutoa pesa kumesimama hadi kesho saa nne asubuhi. Badilisha nenosiri hapa na popote ulipolitumia. Hatutakupigia kukuomba PIN. Atakayekupigia ni mwizi. Mtu akikutishia kwa taarifa zako, usimlipe, tupigie, hatutauliza umri wako wala jina la mwenye kitambulisho. Tutakuandikia tena leo saa kumi na mbili jioni, hata kama hakuna jipya."

Mwanasheria wa kampuni atataka kuiondoa ile sentensi ya kitambulisho. Isiondolewe. Bila hiyo, yule kijana wa miaka 21 na yule baba hawatapiga simu, na mwizi anawategemea wao kuliko wengine wote. Ile ya saa kumi na mbili nayo isiahidiwe kama hakuna mtu wa kukaa kazini kuitimiza.

Uandikwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Luganda, na kaskazini uongezwe Kiacholi na Kilugbara. Uende kwa SMS, kwa sababu barua pepe ambazo wateja wetu wengi hujiandikishia zilifunguliwa na fundi wa simu siku ya kununua simu na hazijafunguliwa tena. Na utoke kwenye namba ileile fupi ambayo mteja hupokea majibu yake kila akiweka pesa. Ukitoka kwenye namba ngeni ataudhania wa matapeli, ataufuta, na atakuwa amefanya sawasawa na tulivyomfundisha.